Salima na Fishi Isiyo Yake

Gisenyi, wilaya ya Rubavu
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako dada yangu Mwanaidi, Ujiji,

Assalaam alaykum, dada, na mvua ya huko isikukute ukiwa nje. Vipi mgongo? Na miguu, bado inavimba ukikaa sana? Kaka Bakari macho yake yanaendeleaje, na wajukuu wote wanaokujazia ua? Sisi huku mwili ni mzima. Mke wangu, Mama Faida, anakohoa kidogo kwa baridi ya ziwa. Faida, kitinda mimba wangu, anakimbia. Hadija mwanao anapata nguvu baada ya uzazi, na Yusufu wake ananyonya kama mtu aliyepewa kibarua. Mimi mdogo wako niko vile vile unavyonijua, ukiacha usingizi.

Utashangaa Athumani dereva anakukabidhi bahasha wakati simu ipo. Dada, kwenye simu mimi husema uongo vizuri sana. Mdomo unatangulia, mimi nafuata nyuma nikihema. Kalamu inakwenda polepole, naweza kuikamata. Donc nimeona niandike. Hilo "donc", yaani "basi" ya Kifaransa, nisamehe, miaka ishirini ya hapa imenipinda ulimi.

Jambo lenyewe ni hili. Niliyokwambia kwenye simu kuhusu kifo cha Salima, mjukuu wako, si ya kweli. Nilisema Hadija alizembea kliniki, mtoto hakuchanjwa, na akatuficha. Ukasema, watu wakisikia, kwamba asikanyage tena kwako. Sasa Alhamisi anapanda basi kuja kwako na kichanga mgongoni; kwangu hawezi kukaa tena, na mahali pengine hana. Basi soma mpaka chini ndipo uamue. Ukiishia katikati utaamua vibaya, kwa sababu katikati nitakuwa bado najisifu. Najijua.

Kazi yangu unaijua. Nina meza na mwavuli karibu na mpaka mdogo, pale wanawake wanapovukia na vitunguu, viazi vya Mudende na mboga kwenda Goma, upande wa Kongo. Asiyejua kuandika anakuja kwangu, namjazia karatasi yake. Darasa la tano nililoishia kwa mwalimu wetu wa Ujiji linatosha sana huku, maana mwandiko wangu hata ofisa anausoma bila miwani. Ofisa mpya akihamishiwa hapa, siku ya kwanza huletwa mezani kwangu anijue sura. Kuna siku mashine yao ya kompyuta ilizimika, mstari ukafika mpaka mchangani ziwani, wakaniita. Niliandika majina kwa mkono wa kulia na wa kushoto nashika chai, nilipomaliza mtu wa mwisho mashine ikaona haya ikawaka yenyewe.

Bon, hilo la mashine nimeliongeza. Mstari ulikuwepo.

Lazima nikueleze desturi yetu moja, vinginevyo hutaelewa kosa. Hapa mpakani karatasi zinatembea kuliko watu. Mama huyu ana kibali, mwenzake hana, wanaazimana; leo anavuka huyu na jina lile, kesho anavuka yule. Mtoto wa mgongoni anaitwa jina lolote lililoko kwenye karatasi ya siku hiyo. Hatukuona wizi hapo. Tuliona kusaidiana. Na fundi wa mambo hayo nilikuwa mimi. Mtu akija analia kwamba karatasi imempotea, nilikuwa namwambia: "Mama, karatasi haipotei. Anabadilika mwenye karatasi tu." Wanawake walicheka mpaka wanaweka mizigo chini. Nilipenda sana kicheko kile.

Hadija alivuka siku vita vilipofika Goma. Salima mgongoni, mimba changa tumboni, mguu mmoja kandambili yake, mguu wa pili kandambili ya mumewe. Mume mwenyewe alikuwa amekwenda Butembo kutafuta mzigo, na simu yake mpaka leo haiiti. Nikampa chumba cha nyuma. Salima alikuwa na miaka miwili na nusu, umri ule ule wa Faida wangu, wanapishana wiki chache. Alikuwa ananijaza mawe ya volkano kwenye mifuko ya koti. Nikifika mezani, nikitafuta kalamu, natoa jiwe.

Baada ya mwezi Hadija akasema hawezi kukaa akilishwa kama mgonjwa, anataka kuuza parachichi ng'ambo kama wenzake. Sokoni pale mpakani kuna nyumba ya kulelea watoto, wenyewe wanaiita irerero. Wafanyabiashara wanawaacha watoto asubuhi, wanawachukua wakirudi. Msimamizi wake ni Mama Devota, mwanamke wa Busasamana, mrefu, hacheki ovyo. Tulikwenda Ijumaa, mimi mbele.

"Papa Shabani, mutoto muzuri huyu," akasema. "Fishi yake iko wapi?"

Fishi ndiyo kadi ya kliniki, ile inayoandikwa chanjo za mtoto. Kabla sijafungua mdomo Hadija akajibu kwamba ilibaki Goma.

"Pole, mama. Basi umupeleke kituo cha afya Alhamisi, njo siku ya chanjo. Watamufungulia fishi mupya, watamuchoma zenye zilibakia. Ukinionesha, mi namupokea."

Nikamwambia, "Alhamisi? Mama Devota, mimi ni Shabani."

"Najua we ni Shabani. Mi naomba fishi."

Njiani Hadija akanieleza kila kitu, na hapa, dada, ndipo nakuomba usome polepole. Akaniambia: "Mjomba, ya kuzaliwa Salima alipata, kovu lake liko begani. Matone ya mdomoni alipata. Za mapajani alipata. Ila ile ya surua, ya miezi tisa, hakupata. Tulikuwa tumekimbilia kambini wakati ule, nilipanga foleni siku mbili, dawa ikaisha watu watatu mbele yangu. Tungoje Alhamisi, mjomba. Siku sita si nyingi."

Umeona? Hakuficha. Alijua chanjo ipi mtoto wake amekosa na kwa nini, na alitaka kungoja. Aliyekataa kungoja ni mimi.

Nilimcheka. Nilimwambia chanjo ni chanjo. Dawa ikishaingia kwenye damu inazunguka, ikikutana na ugonjwa wowote inaupiga. Nikajitolea mfano: nilichomwa ile ya Ebola waliyotuchoma watu wa mpakani, ya korona nilichomwa mara tatu, na ya homa ya manjano nilipotaka kusafiri. Nikamwambia sindano ya tatu ilipinda kwenye mkono wangu, nesi akaenda kutafuta ndefu zaidi. Nikamwambia mbu akiniuma anaanguka chali. Hadija akatabasamu kidogo, kwa adabu, maana mimi ni mjomba wake na analala kwangu. Adabu ile ndiyo iliyotuponza. Angekuwa na kwao pa kusimama angenibishia.

Jumatatu nikachukua fishi ya Faida kabatini. Imejaa, ina mihuri yote. Mke wangu akanishika shati.

"Baba Faida, hiyo ni ya mutoto wangu. Unaipeleka wapi?"

"Inaazimwa."

"Kitambulisho ya mutu mukubwa, sawa, munaazimana. Lakini hii ni ya dawa."

"Karatasi ni karatasi, mama. Niachie shati."

Nilimwambia Mama Devota kwamba Hadija alikosea, fishi haikubaki Goma, mtoto alichanjwa huku na ilikuwa kabatini kwangu. Aliipokea, akaipekua ukurasa kwa ukurasa, akasema iko muzuri, akaandika kwenye daftari lake: Faida. Basi kuanzia siku ile Salima akawa Faida. Siku za kwanza walimwita hageuki, wakaniuliza kama masikio yana shida. Wiki ya pili akaanza kugeuka. Mimi nilisimulia mezani kama ushindi, kwamba nimemwingiza mtoto mahali ambapo wengine wanazungushwa, na wanawake wakacheka, nami nikacheka. Hadija hakucheka.

Kuna lingine sikukwambia. Mwezi uliofuata alipita mshauri wa afya wa mtaa wetu, dada mmoja anaitwa Beata, anaingia nyumba kwa nyumba. Akasema wanatafuta watoto waliotoka ng'ambo, wale wenye chanjo zilizoruka, awaandikie waende kituoni, kwa sababu surua, wenyewe wanaiita iseru, imeonekana kambini kwa wakimbizi. Hadija alikuwa sokoni. Faida na mama yake walikuwa Kanama kwa bibi yake wakivuna maharage. Nyumbani tulikuwa mimi na Salima, maana ilikuwa siku ya usafi irerero. Beata akainama kumtazama.

"Huyu ni wa hapa?"

"Wa hapa. Ni Faida wangu," nikamwambia, na fishi nikamwonesha.

"Amemaliza zote. Mungu akubariki, Papa. Wazazi wote wangekuwa sawa na we!"

Akaondoka. Na mimi, dada, ile sifa nilibaki nayo siku nzima.

Wiki tatu baadaye Salima akachemka. Macho mekundu yana matongo, kikohozi kikavu, pua inatiririka. Hadija akambeba, mimi nikafuata, tukaenda kituo cha afya. Nesi akaomba fishi. Nikaitoa. Akasoma, akahesabu kwa kidole: "Ya surua amepata ya kwanza, na ya pili amepata. Donc si surua. Itakuwa mafua ya nguvu, hii baridi." Akaanza kuandika dawa ya homa.

Hadija akafungua mdomo. Nilimkanyaga mguu.

Nimeandika hivyo na sitafuta. Nilimkanyaga mguu chini ya meza ya nesi, mwanao, akiwa na mimba ya miezi sita na mtoto mgonjwa mikononi, ili anyamaze. Usifikiri niliogopa polisi. Niliogopa kwamba nesi atampigia Mama Devota, na Mama Devota atasema mbele ya soko zima kwamba karatasi za Shabani ni za uongo. Hicho tu. Hadija akafunga mdomo, tukarudi nyumbani na chupa ya dawa ya homa, na Salima alilala kwetu siku mbili ambazo angekuwa hospitali.

Siku ya tatu vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikashuka usoni, kifuani, kila mahali. Mdomo ndani una vidonda, hata maji anakataa. Akawa anapumua mbavu zinaingia ndani. Tukapanda pikipiki mbili mpaka hospitali ya wilaya. Daktari, binti mdogo tu mwenye sauti ya chini, akauliza jina la mtoto. Na mimi, niamini, pamoja na yote yale, nikasema: "Faida."

Hadija akasema, "Haitwi Faida."

Nikamtazama. Hakunitazama.

"Anaitwa Salima. Hana chanjo ya surua. Hii fishi si yake, ni ya mtoto wa mjomba. Naomba mwandike Salima."

Daktari akaweka kalamu, akaichukua tena, akakata jina, akaandika. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Akaanza kutoa amri huku na huku, mtoto akatengwa na wengine, akapewa matone ya vitamini ya kulinda macho, akawekewa hewa ya puani. Akatuambia surua imeshuka kwenye mapafu, na kwamba wangeanza mapema ingekuwa afadhali. Alisema hivyo kwa upole, akimwangalia Hadija, lakini maneno yalinilenga mimi.

Salima alikaa siku nne. Alifariki asubuhi, jua limeshatoka, Hadija yuko uani anafua kitambaa chake. Mimi ndiye niliyekuwa kitandani. Nilikuwa namsimulia jinsi nilivyopanda mlima Nyiragongo peke yangu na ndoo ya chai, nikaumwagia moto wa pale juu, mlima ukapiga chafya. Alikuwa anakipenda kisa kile, siku za uzima wake alikuwa ananiambia nirudie chafya. Nikarudia. Nikaipiga ile chafya, watu wa kitanda cha pili wakageuka. Nikaendelea, sijui kwa muda gani. Nesi mmoja mama mzima akanishika bega akasema: "Muzee, nyamaza sasa. Nyamaza."

Sijui ni neno gani Salima aliishia kusikia.

Tulimzika siku ile ile, makaburi ya Waislamu, watu wachache. Ukapiga simu baada ya maziko. Uliiweka kwenye kipaza sauti, nilisikia sauti ya kaka Bakari na za majirani, ukauliza: "Shabani, mtoto wa siku hizi anakufaje kwa surua? Hakuchanjwa?" Nami nikajibu kwamba mwanao alizembea, hakumpeleka, akatuficha. Hadija alikuwa chumba cha pili, mlango ni pazia. Alisikia neno kwa neno. Ukasema uliyosema. Nilipokata simu nikamkuta amekaa, mikono juu ya tumbo. Akaniambia, "Chai yako iko mezani, mjomba." Tangu siku ile ananisalimia, ananipa maji ya kunawa, hakuniambia neno lingine mpaka juzi.

Wagonjwa hawakuwa Salima peke yake. Pale irerero watoto wengine wawili walishikwa. Mmoja hakuwa amefikisha hata miezi tisa, umri wa kuchanjwa bado. Wamepona, ila huyo mdogo jicho moja limebaki na ukungu. Nilikwenda kwa Mama Devota nikamweleza kwa mdomo wangu, mchana, wanawake wakiwepo. Nilitegemea kelele. Alifunga daftari lake taratibu akasema: "Papa Shabani, mi nilikuwa naita ule mutoto jina ya mwingine. Nilimubembeleza na jina ya mwingine mpaka akaenda." Akaingia ndani. Meza yangu bado ipo, mwavuli upo, lakini sasa naandika jina la mwenye mwili tu. Wengi wamehama, wamekwenda kwa kijana wa upande wa pili wa barabara. Wanaokuja hawacheki.

Yusufu alipozaliwa nilimwomba Hadija niwasindikize kituoni siku ya chanjo. Hakukataa, hakukubali, nikafuata nyuma. Nilikaa kwenye benchi la akina mama, mwanaume peke yangu, na nesi wa chanjo, mama mnene wa Mudende anaitwa Verediana, nikamuuliza yote niliyojifanya najua. Alinicheka kidogo alipojua nimechomwa ngapi.

"Papa, kila ugonjwa iko na chanjo yake. Ile ya Ebola haijue surua. Hazijakutana hata siku moja!"

"Na mama mwenye mimba mnamchoma pepopunda ya nini, hajakanyaga msumari?"

"Aya! Anakanyaga na kitovu ya mutoto. Wembe ikiwa chafu, mutoto anakakamaa, anakufa. Tukimuchoma mama, mutoto anazaliwa na ulinzi tayari. We ulizaa watoto wangapi, hujue?"

Nikakiri kwamba watano na sikujua. Akina mama wote wa benchi wakacheka, na kwa mara ya kwanza sikujali.

Basi nakuandikia niliyojifunza, dada, kwa sababu huko una nyumba ya wajukuu na wote wanakusikiliza wewe. Mtoto akizaliwa tu anachomwa ya begani, ya kifua kikuu, na matone ya mdomoni ya polio, ya kupooza. Akifika wiki sita zinaanza za mapajani na matone mengine. Humo mna ya kifaduro, ya pepopunda, ya homa ya ini, ya kichomi na ya kuharisha, na zinarudiwa wiki ya kumi na ya kumi na nne. Moja haitoshi. Ukikatisha, mwili unakuwa kama ukuta ulioishia kiunoni. Surua ni miezi tisa, na inarudiwa mwaka wa pili, hapa ni mwezi wa kumi na tano, huko kwenu wanaweza kuwa na mwezi wao, uliza. Mwanahamisi, yule mjukuu wako anayemaliza shule ya msingi, yuko umri wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Wakija shuleni, usikubali mtu akuambie inafunga uzazi. Verediana amewachoma binti zake wote. Binti zako wenye mimba, pepopunda. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, mkubwa au mdogo, aoshe na sabuni na maji mengi, akimbie hospitali siku ile ile, chanjo ya kichaa cha mbwa inachomwa baada ya kuumwa na haingoji. Wewe na kaka Bakari kwa umri wenu ulizeni zipi zinawafaa. Mimi sitasema. Nimeacha kusema nisichoulizia.

Na wakikuuliza kadi na imepotea, sema imepotea. Hawafukuzi mtu. Wanaanza upya au wanaendelea, mtoto hapati madhara. Verediana alinieleza hivyo, nikainama, kwa sababu Mama Devota alinieleza vile vile Ijumaa ile.

Yusufu amepata za kuzaliwa na za wiki sita. Wiki ya kumi itamkuta huko, na Hadija fishi yake ameifunga kwenye kanga, anailalia. Usimwombe akuoneshe. Atakuonesha mwenyewe.

Juzi nilimwambia nataka kukuandikia ukweli wote. Alikuwa anamkanda mtoto. Akamaliza mguu mmoja, akasema: "Andika, mjomba. Lakini barua itangulie. Sitaki kusimama mlangoni kwa mama na mtoto mgongoni nikisubiri isomwe."

Nikamuuliza, "Na akisoma asibadilike?"

"Basi nitashuka Kigali nitafute kazi za ndani."

"Na kichanga?"

"Wapo wanaofanya na kichanga."

Ndivyo hali ilivyo. Athumani anaondoka kesho Jumatatu na lori lake, ameniapia Jumatano bahasha iko mkononi mwako. Hadija basi lake la kwanza linatoka hapa Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, saa nne liko Kigali. Pale ndipo atapanda la pili la kuja mpakani kwenu, au atabaki.

Msalimie kaka Bakari, mkubwa wetu. Mwambie nampa shikamoo na kazi moja: barua hii aisome yeye barazani, kwa sauti, mbele ya wale wale waliosikia kipaza sauti siku ile, na asiruke mahali, hata pale pa mguu. Kama macho hayamruhusu, asome Mwanahamisi. Msalimie wifi yako, mke wa kaka Bakari, aliyenilea nilipokuwa mdogo, najua atalia, aache alie. Mama Zuhura jirani yako, aliyesema kwenye simu kwamba wasichana wa siku hizi hawajui kulea, msalimie na yeye, na asogee karibu asikie vizuri. Mama Faida anakupa mkono, na anasema yeye alinishika shati, nami nathibitisha.

Mimi sitakuja mpaka mniite, na msiponiita nitaelewa. Ukishasoma, dada, usinipigie mimi. Mpigie Hadija kabla ya saa nne Alhamisi. Simu ataishika mkononi.

Mdogo wako,
Shabani